Nguzo Ikae Wima

Jumatatu, Februari 17

Daktari wa macho ametaka niandike kila siku Leon anaona nini. Nimenunua daftari la kurasa mia mbili, na nilipokuwa kwenye foleni nikajiuliza kama tutafika hata ya hamsini.

Utaratibu ni huu. Baada ya kahawa mume wangu anasimama hatua moja mbele ya friji, nilipobandika kadi yenye miraba mia nne na nukta katikati. Anaikazia ile nukta kwa jicho la kulia, kisha anahesabu miraba iliyomezwa na shimo. Jicho la kushoto halipimwi tena. Lilikwisha Novemba, kwa wiki tano tu, bila maumivu yoyote. Ugonjwa ni wa kurithi, umetoka upande wa mama yake. Mjomba wake Stas naye ulimkalisha kwenye kochi akisikiliza besiboli redioni mpaka alipokufa. Rangi hutangulia kuondoka, halafu katikati panatoboka, halafu tundu linapanuka. Dawa ya kumfaa hatukupata.

"Kama kuna kitu anataka kukiona," daktari aliniambia kwenye korido, "asikiahirishe."

Kipo kitu hicho. Ni kimoja tu, na kiko mbali mno.

Leo: miraba tisa.

Jumanne, Februari 18

Tisa. Theluji tangu alfajiri.

Alhamisi, Februari 20

Kumi. Na dirisha la Tanuri limefunguka leo.

Sisi tunaoishi kwa kazi za darubini ya angani tunasema "dirisha" kwa sababu chombo kile hakiruhusiwi kuligeukia jua, kwa hiyo kila pembe ya mbingu ina msimu wake, kama kaa wa ghuba yetu. Msimu wa Tanuri ni kuanzia leo hadi Aprili 10. Ukipita, ni kusubiri Septemba. Septemba Leon atakuwa anasikiliza redio.

Tanuri ni jina alilolitunga Leon. Kwenye orodha lile wingu lina tarakimu tu. Ni wingu la gesi na vumbi ambamo nyota zinazaliwa, na katikati yake pana nguzo ndefu ya vumbi, nyeusi, ambayo ncha yake inawaka. Baba yake alikuwa mfua chuma kwenye kiwanda cha Sparrows Point, na Leon utotoni aliona mbingu ya ng'ambo ya maji ikiwa nyekundu kila mara walipofungua tanuri. Amelisoma wingu hili miaka kumi na tisa kwa picha za kuazima, zenye ukungu. Ameomba saa za darubini mara sita, akanyimwa mara tano. Mara ya sita wamempa saa nne. Siku yetu ni Machi 3.

Mimi ndiye nitakayeipaka rangi. Ndiyo kazi yangu, mwaka wa ishirini na sita huu. Darubini inaleta picha za kijivu, kila chujio na yake, za mwanga wa joto ambao jicho la mtu halijawahi kuuona; mimi nazipa rangi, nyekundu kwa mawimbi marefu, buluu kwa mafupi, nazipanga moja juu ya nyingine. Watu huniuliza, eti rangi hizo ni za kweli? Nami huwauliza, sauti ya mama yako kwenye simu ni ya kweli?

Na nimeomba nguzo ikae wima. Mwinamo wa kamera hufuata tarehe, na ziko siku tatu tu katika hamsini hizi ambapo nguzo yote inaingia kwenye fremu, kutoka mguuni hadi nchani. Mwezi Januari Bwana Purnell wa ratiba aliandika kuuliza kama pembe hiyo ni ya lazima. Nilimjibu kwa mstari mmoja: ni lazima. Watu wa ratiba ukiwapa nafasi watakuhamishia hata harusi.

Jumamosi, Februari 22

Kumi na nne. Kwenye uzio wa jirani alitua ndege mwekundu, mwekundu wa kupiga kelele, juu ya theluji. Leon akatazama dirishani, akasema, "Shomoro gani huyu mnene hivi?"

Nikasema, "Sijui."

Jumapili, Februari 23

Kumi na nne. Kwetu mtu akichimbua theluji na kupata pa kuegesha gari, anaweka kiti pale, na kiti hicho hakiguswi. Leo Leon amekipiga teke kiti cha Bi Earline wa nyumba ya pili, kikaenda mpaka katikati ya barabara.

"We Leon! Kiti changu kimekukosea nini?"

"Sikukiona, Bi Earline. Nisamehe."

"Hukukiona? Kiti cha rangi ya chungwa, kinaonekana mpaka Pennsylvania!"

"Basi nilikuwa natazama Pennsylvania."

Akacheka yeye, akacheka Bi Earline. Mimi niliingia jikoni nikafungua bomba ili nisisikike. Kisha nikakumbuka mwaka tuliofahamiana, aliponipeleka shambani kwa shangazi yake karibu na Frederick anionyeshe wingu la nyota kwa darubini ya mkononi. Sikuona kitu. "Unalikodolea," alisema. "Vitu hafifu havipendi kukodolewa. Tazama pembeni yake, kama unayemtazama mtu kwa wizi. Pembeni mwa jicho hakuna rangi, lakini mwanga kidogo kabisa unaingia." Nikatazama pembeni, na wingu likatokea. Nilimpenda siku hiyo, kwa sababu ya wingu na kwa sababu hakunicheka.

Jumatano, Februari 26

Kumi na tisa.

Alhamisi, Februari 27

Ishirini na mbili. Barafu mlangoni. Nimemwaga chumvi ngazi zote.

Jumapili, Machi 2

Thelathini na moja. Bado anasoma herufi kubwa akisogeza pua kwenye kioo cha kompyuta. Tumepiga hesabu: picha zikipigwa kesho asubuhi, kesho kutwa nazipata, Ijumaa nampa Tanuri lake likiwa na rangi zote anazoweza kuziona. Kama shimo halitakimbia, tutawahi.

Amenimenyea karoti za supu na kujikata kidole. Hakuniambia. Niliona damu kwenye taulo.

Jumatatu, Machi 3

Thelathini na nne.

Nilikwenda naye kazini. Alivaa tai. Tulikaa ofisini kwangu tangu saa mbili, na kila mtu aliyepita alichungulia na kutoa ishara ya bahati njema. Saa nne na nusu Bwana Purnell alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni na karatasi mkononi. Desmond Purnell ni mtu mrefu, mkimya, anayefunga kila kifungo cha shati, na katika miaka tisa sikumbuki alishawahi kuvuka kizingiti changu.

"Profesa," akasema, "imekosa kushika nyota."

Mtu akitaka kupiga picha gizani anahitaji kuegemea kitu. Darubini huegemea nyota ndogo ya kuongozea, inaishika na kutulia. Nyota tuliyopewa kwenye orodha haikuwa nyota. Ilikuwa donge la gesi ya Tanuri lenyewe, linang'aa kiasi cha kuwadanganya walioandika orodha. Darubini ilijaribu, ikateleza, ikajaribu tena, kisha ikafanya ilivyofundishwa: ikaacha, ikaenda kwenye kazi ya mtu mwingine.

Leon akauliza kwa upole, "Kwani nyota za kuongozea zilikuwa ngapi pale?"

"Moja tu, Profesa. Kwa pembe ile ilikuwa moja tu."

Bwana Purnell hakunitazama. Ningefurahi angenitazama.

Jumanne, Machi 4

Thelathini na tisa. Mvua ya barafu.

Naandika hapa kwa sababu kwingine siwezi. Pembe ile haikuwa ya lazima. Sayansi ya Leon yote iko kwenye ncha ya nguzo, mahali nyota zinapozaliwa, na ncha inaonekana siku yoyote ya dirisha, kwa mwinamo wowote, na nyota za kuongozea tano au sita. Mguu wa nguzo hauna kitu. Ni vumbi. Nilitaka mguu kwa ajili ya picha. Nilitaka nguzo imesimama wima, nzima, watu wakiiona washike vifua vyao, na chini yake jina la Leon. Kwenye fomu nikaandika kwamba tukigeuza pembe, nyota moja kali itatupofushia kamera. Nyota hiyo ipo, ila haipofushi chochote. Leon alisaini bila kusoma kifungu hicho kwa sababu niliandika mimi, na mimi ni mkewe.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Watu wote kazini wananiambia pole.

Jumatano, Machi 5

Arobaini na mbili. Tumetuma ombi la kurudia. Kifungu cha pembe nimekiacha kama kilivyokuwa. Nimejiambia labda wataona njia. Mimi ni mwoga kuliko nilivyodhani.

Jumamosi, Machi 8

Hamsini na nane.

Jumatatu, Machi 10

Sabini na moja. Jibu limekuja: ombi limekubaliwa, na kwa pembe iliyowekwa nafasi ya karibu ni Septemba 12.

Leon aliniomba nimsomee mara mbili. Halafu akasema, "Basi," akaenda kukaa kwenye kochi. Hakuwasha redio. Nilitamani aiwashe.

Jumanne, Machi 11

Themanini. Nimempigia Bwana Purnell nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, ingekuwaje kama sharti la pembe lingeondolewa.

"Bi Klimek, sharti likiondolewa natafuta nafasi kabla ya Aprili 10. Siahidi. Lakini inatakiwa barua ya Profesa, yenye sahihi yake, ikieleza kwa nini Januari lilikuwa lazima na leo si lazima."

Nimeiandika barua hiyo. Nimeiandika vizuri sana. Inasema kwamba "baada ya uchambuzi mpya" pembe imeonekana si muhimu. Hakuna uchambuzi mpya. Lakini Leon hawezi tena kusoma herufi za barua. Anasaini pale kidole changu kinapoelekeza.

Jumatano, Machi 12

Themanini na sita. Upepo mkali, mapipa ya taka yanakimbizana kichochoroni.

Niliiweka barua mezani jikoni, nikampa kalamu, nikaweka kidole. "Saini hapa, ni ya Purnell."

"Inasemaje?"

"Mambo ya ratiba tu."

Akainama. Alileta kalamu mpaka kidoleni pangu, akaugusa ukucha wangu kwa ncha ili ajue mstari ulipo, kama anavyofanya sasa kwa kila kitu, kwa kuniamini mimi. Nikaondoa mkono. Kalamu ikachora kwenye meza.

"Bern? Mstari uko wapi?"

Nikamwambia. Nilisema yote, nikiwa nimesimama, haraka haraka, bila kupumua: mguu, fomu, nyota kali, mstari mmoja wa Januari, na barua hii hapa. Friji ilikuwa inanguruma.

"Miaka kumi na tisa, Bern," akasema. "Na wewe ukataka picha ya kalenda."

"Nilitaka iwe nzuri. Nilitaka iwe ya kwako."

"Ya kwangu? Mimi nilikuomba mguu? Nilikuomba mguu lini? Mimi nilitaka ncha! Kipande cha juu, cha ukubwa wa kucha, basi! Na kwa jicho langu hili ningekiona Ijumaa ile. Ijumaa ile nilikuwa bado naona nyekundu kidogo, ulijua? Nilikuwa naitunza. Nilikuwa sitazami hata televisheni."

Nilijua kwamba jicho halitunziki hivyo, lakini sikumwambia. Nikalia. Akaniambia nisilie mbele yake kwa sababu hana namna ya kuona kama ni kweli. Hilo ndilo neno baya kuliko yote aliyowahi kuniambia katika miaka thelathini na moja, na nilistahili.

Alasiri aliniita. Akatamka barua yake mwenyewe nami nikaandika, neno kwa neno. "Sharti la pembe liliwekwa kwa ajili ya uzuri wa picha. Halikuwa na sababu ya kisayansi. Nilisaini bila kusoma. Kosa ni letu. Ninapoteza uwezo wa kuona." Akanifanya nimsomee mara tatu. Kisha akasaini, na hakutaka kidole changu, alitumia rula.

Alhamisi, Machi 13

Hakupima leo. Hazungumzi nami ila "kahawa" na "ahsante".

Ijumaa, Machi 14

Nilimpelekea Bwana Purnell barua mkononi. Nilijiandaa kusimangwa. Akaisoma akiwa amesimama, kisha akaketi, akaisoma tena.

"Kwa hiyo Januari nilipokuuliza..."

"Nilikudanganya."

"Mm." Akafungua kifungo cha shingo. Sikuwahi kuiona shingo yake. "Kila mwaka watu ishirini wananijibu 'ni lazima'. Sijawahi kuletewa barua ya namna hii. Mama yangu kule Salisbury sukari ilimla macho, Bi Klimek. Alikuwa anatujua kwa mlio wa viatu." Akaikunja barua. "Ratiba imejaa hadi Mei. Usimwambie nimeahidi."

"Sitamwambia."

"Maana sijaahidi."

Jumatatu, Machi 17

Mia moja arobaini. Maua ya manjano yamechanua kando ya kijito. Leon anauliza kwa nini nimemnunulia soksi zote za kijivu. Ni za kijani.

Jumanne, Machi 18

Mia moja arobaini na nane.

Ijumaa, Machi 21

Mia moja tisini. Nikimshika mkono kwenye ngazi anausubiri mkono utoke. Bi Earline amemletea keki ya nyama ya kaa na kumpa habari za mtaa saa nzima. Akitoka akaninong'oneza mlangoni, "Mmegombana?"

"Ndiyo."

"Nani mkosaji?"

"Mimi."

"Basi vumilia, mwaya. Ukiwa mkosaji huna haki ya kuchoka."

Jumatatu, Machi 24

Mia mbili thelathini. Bwana Purnell ameniita mezani kwake wakati wa chakula cha mchana. Kuna mtu ameondoa kazi yake ya Aprili 6, chombo chake kimoja kina hitilafu. Zimebaki saa nne na dakika kumi.

"Sasa safari hii," akasema, "orodha siiamini. Naziangalia nyota kwa macho, moja moja."

Alikuwa amefungua picha zote kuukuu za Tanuri, na mfuko wa chipsi umefunguka kwenye kibodi, jambo ambalo yeye mwenyewe amelipiga marufuku kwa tangazo ukutani. Nyota za kuongozea zilikuwa tano kwa pembe ya siku ile. "Wewe una jicho," akaniambia. "Ipi nyota, ipi donge?" Tukakaa mabega kwa mabega hadi jioni. Nilizikataa mbili. Moja ilikuwa na unyoya mdogo kabisa upande wa kushoto. Nyota haina unyoya. Ya pili sikuipenda tu.

"Hiyo ya pili sababu yake nini?"

"Sina. Na sitaki kukudanganya tena."

Akaifuta bila kuuliza zaidi. Nimeanza kumwita Desmond. Yeye ananiita Bi Bernadette, kama watu wa kwetu wanavyomwita mtu waliyemzoea.

Jumamosi, Machi 29

Leon alisimama mbele ya friji muda mrefu.

"Ngapi?" nikauliza.

"Friji naiona," akasema. "Kadi siioni."

Nimeandika: mia nne.

Jumapili, Machi 30

Hakuna cha kupima. Nimeandika tarehe kwa sababu daktari ametaka tarehe.

Jumatano, Aprili 2

Mvua. Amevunja kikombe cha mama yake na kukaa sakafuni akitafuta vipande kwa viganja. Nilipoinama kusaidia akasema, "Niache." Kisha akasema, "Kimoja kiko chini ya kabati, nakiona kikimeta pembeni." Kilikuwepo.

Alhamisi, Aprili 3

Leo ametamka jina langu. "Bern, hata ikipigwa sitaiona. Unajua hivyo?"

"Najua."

"Ungeweza kumwambia Purnell ampe nafasi mtu mwenye macho."

"Desmond hataki."

"Na wewe?"

Nikasema kwamba mimi nataka kitu kimoja tu duniani na nimeshakichelewesha kwa mkono wangu. Tukasikiliza mvua.

Jumapili, Aprili 6

Saa nane na robo mchana Desmond amepiga simu. "Imeshika nyota." Kisha hakuweza kuendelea, akakata.

Jumatatu, Aprili 7

Picha zimefika saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Sita, za kijivu. Nilizifungua mlango ukiwa umefungwa.

Siwezi kuandika nilichohisi na sitajaribu. Mguu wa nguzo haupo, umekatwa na ukingo wa fremu. Nguzo yenyewe imelala ubavu, mlazo kabisa, maana kamera siku ile imeinama hivyo. Na ncha ni ncha ambayo hakuna mtu aliyeiona hivi tangu watu wawepo.

Vidole vyangu vikaanza kazi vyenyewe. Nilikuwa nimeshaipa picha ya chujio la kwanza buluu na natafuta rangi ya chungwa ya kufaa pale kwenye ukingo unaowaka, nikijiambia saa mbili tu, saa mbili tu iwe nzuri, simu ilipolia.

"Zimefika?"

"Zimefika. Naweka rangi kidogo, halafu nakuja..."

"Bern."

Niliondoa mikono mezani kama mtoto aliyefumwa na sukari. Nikachukua picha moja, ya kijivu, jinsi ilivyoshuka, nikaiweka kwenye kompyuta ndogo, nikaifunga kompyuta ndani ya koti, nikatembea nyumbani kando ya kijito mvuani, kwa sababu gari lilikuwa limezibwa na lori na sikuweza kusubiri. Nilianguka mara moja. Nilianguka kwa mgongo ili kompyuta isiumie.

Alikuwa jikoni, ametoa vyombo mezani. Nikafungua, nikaikuza ncha ijaze kioo chote, nikazima taa, nikashusha pazia. Akakaa mbele yake, uso umenyooka.

Akaikodolea.

"Kuna nini mbele yangu?" akauliza.

"Ipo hapo."

"Ukungu," akasema. "Ukungu mtupu."

Akageuza uso, akaelekea ukutani. Nilijua basi, imekwisha. Nilisimama nyuma yake nimeloa, tope mgongoni, nikatamani kuomba radhi na sikuona radhi gani ingetosha kwa kitu cha namna hii. Ukuta aliougeukia hauna kitu, ila msumari wa kalenda ya mwaka jana. Akawa anautazama tu. Kichwa chake kikasogea kidogo kushoto, kikasimama, kikasogea tena, taratibu, kama mtu anayetafuta kituo redioni.

"Usiiguse," akasema.

"Sijagusa kitu."

"Usiiguse, Bern. Ipo."

Alikuwa anautazama msumari. Anautazama msumari na kuliona Tanuri, kwa pembe ya jicho, kama alivyonifundisha shambani kwa shangazi yake. Pembeni hapo ugonjwa bado haujafika, na pembeni hapo hakuna rangi. Ningemletea rangi zangu zingekuwa matope. Ilitakiwa iwe ile ile ya kijivu niliyotaka kuificha.

"Mbona imelala?" akauliza.

"Ndivyo kamera ilivyokaa."

Ningeweza kuigeuza kwa kubonyeza kitufe kimoja. Nafanya hivyo mara mia kwa wiki. Sikukumbuka kabisa. Niliketi kando yake, naye, macho yakiwa hayaachi msumari, akainamisha kichwa polepole mpaka kikalala begani kwangu, na kwake yeye nguzo ikakaa wima.

"Mguu je?"

"Haupo. Umekatwa."

"Vizuri," akasema.

Koti langu lilikuwa linamlowesha shavu na hakulalamika. Sikusogea, bega likafa ganzi, sikusogea. Akanisimulia anachoona kwa sauti ya chini, nami nikiitazama picha ile ile kwa macho mazima mawili nikaona alichokitaja baada ya yeye kukitaja: pazia la gesi juu ya ncha, tundu dogo jeusi, na mbele ya tundu uzi mwembamba wa mwanga, pumzi ya nyota inayozaliwa sasa hivi. Kwenye ofisi ningeupita. Nilikuwa natafuta rangi ya chungwa.

Halafu jicho likachoka, likaachia. Akajaribu kulirudisha, kushoto, kulia, juu. Halikurudi. Akabaki begani.

Alhamisi, Aprili 10

Dirisha limefungwa leo. Nguzo iko upande mwingine wa ukingo wa dirisha hadi Septemba, na daktari anasema pembeni nako huenda kukafifia, au kusififie, hajui. Leon hajaniambia amenisamehe. Jana alinishika mkono kwenye ngazi na hakuusubiri utoke.

Kesho napeleka daftari hospitali. Nimelisoma tangu mwanzo na limejaa mambo ambayo daktari hakuyaomba, basi nitampa ukurasa mmoja tu niliounakili kwa mwandiko safi:

Aprili 7. Mgonjwa ameona nguzo moja, ya kijivu, haina mguu. Umbali wa sentimita sitini kutoka kwenye kioo, akitazama msumari. Dakika kumi na moja.